Jalada la Nyuzi Sita

Jumatatu, 9 Septemba 1968

Firoza kaja leo baada ya adhuhuri, kafunga mlango mwenyewe, kakaa kitandani kwangu bila kukaribishwa. Babake, mzee Jusab, ana kiwanda cha chapa nyuma ya Biashara Street, na Firoza ndiye apangaye herufi pale. Wamepata kazi mpya — gazeti la muziki wa roki. Magitaa ya umeme na kelele za vijana wa mahotelini! Laitwa Nyuzi Sita. Mwenyewe ni Abdulghafur, yule aliyerudi kutoka London mwaka jana bila cheti, nywele zimeshuka hadi kwenye kola. Ataka mchoro wa jalada. Wachora mabango wa Makadara wamemchorea mara tatu, na mara tatu kawarudishia.

Nikamwambia, mimi napaka maharusi piko, hina nyeusi ya mikononi, magitaa yanihusu nini? Akasema mashine ya babake yataka wino mweusi juu ya karatasi nyeupe, mistari myembamba isiyotetemeka, na mkono wa namna hiyo mjini ni mmoja. Alikuwako Alhamisi nilipompaka Mwanakhamis, binti wa Sheikhan. Aliona nilivyolificha lile kovu la mafuta ya moto kwenye mgongo wa mkono wa kulia — jani moja nimelikunja upande, likalifunika lote. Arusi nzima wanawake waliulizana jani lile nimelitoa wapi. Nikamwambia Mwanakhamis niwaambiavyo wote: ua hili ni lako, simpaki mwengine.

Nilikataa. Kisha wifi Bimdogo akanadi kutoka jikoni kwamba nazi hazijakunwa na mtu kajifungia na wageni. Tangu nipewe talaka nimerudi nyumba ya baba, na nyumba ya baba sasa ni ya Kaka Aidarus, na ya Kaka Aidarus ni ya Bimdogo. Nikamkimbilia Firoza ngazini. Nakubali, nikamwambia, kwa sharti moja: jina langu lichapwe. Mwanaesha Jamaldin, lote.

Miaka minane napaka mikono ya watu, na kila kazi yangu huishia kwenye sabuni baada ya wiki mbili tatu. Nimechoka kufutika. Nataka kitu kimoja kibaki, na jina langu liwe chini yake.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimemwona huyo Abdulghafur. Afadhali nisingemwona. Kakaa juu ya meza ya mzee Jusab, mguu juu ya mguu. Mimi nimesimama hatua tatu mbele yake na buibui langu, na yeye azungumza na Firoza. "Mwambie nataka kijana kama huyu." Kanyosha gazeti la Kizungu, kijana ana nywele za mwendawazimu na mdomo wazi. "Mwambie awe na hasira." Mwambie, mwambie! Nikamwambia Firoza, mwambie nina masikio. Na mwambie sichori nyuso.

Habari ya jina ilimchekesha. Jina la mwanamke chini ya gitaa la umeme, watu watasemaje? Kisha akaniona nimegeuka naelekea mlangoni, akasema haya, haya, litaandikwa, kwani ni nini. Simwamini hata kidogo. Nikamtaka Firoza alipange pale pale nikiangalia. Akapanga herufi za risasi moja moja, kinyumenyume, jalada limechorwa na Mwanaesha Jamaldin, akazifunga kwa uzi. Nikazigusa. Baridi. Nilipofika nyumbani nilikuna nazi bila kuambiwa.

Jumapili, 15 Septemba

Nachora darini Bimdogo akilala baada ya chakula. Saa moja na nusu, haizidi. Nimejaribu yule kijana wake, kwa nyuma, asionekane uso. Mbuzi. Mbuzi mwenye nywele. Nimechana. Nimejaribu gitaa peke yake, limesimama wima katikati ya karatasi. Mwiko wa pilau! Nimechana pia. Gitaa lenyewe sijapata kuliona karibu, nalichora kwa kuhadithiwa.

Kaka kauliza vidole vina nini. Wino. Nikasema ni piko. Kasema kazi za heshima zipo, kwa nini nisishone kofia. Nimeshamshonea tatu, na kila Ijumaa huenda nazo msikitini akasifiwa. Hajauliza hata siku moja nani kachora yale maua.

Jumanne, 17 Septemba

Gitaa limeletwa kiwandani limefungwa shuka kama mgonjwa. Jekundu, zito, na lina vitundu vya kutia waya. Abdulghafur hakuwako, alhamdulillahi. Firoza kalipakata, nikamwambia aweke mkono wa kulia juu ya nyuzi kana kwamba ataka kuzikata.

Hapo nikaona. Si kijana, si gitaa. Ni mkono tu. Mkono mmoja ujaze ukurasa mzima, na nyuzi sita zipite chini yake. Mzee Jusab ana rangi mbili, nyeusi na nyekundu. Mkono mweusi, nyuzi nyekundu. Nikamshikisha Firoza vile vile mpaka akasema bega linamwaka moto.

Jumatano, 18 Septemba

Mkono wa Firoza nimeuchora vizuri, vidole, kucha, hata mishipa. Na umekufa. Mtupu, mweupe, kama wa maiti aliyekwisha oshwa. Nikautazama kwa muda, nikasema haya basi, nitakuvisha. Nikachovya kalamu nikaanzia kifundoni. Sikupanga kitu. Mkono wangu wajua njia zake, mimi huufuata tu. Maua, vikonyo, majani, mpaka ncha za vidole. Bimdogo alipoamka wino ulikuwa umekauka.

Sijawahi kufanya kitu kizuri kama hiki. Hakuna wa kunisuta humu, basi naandika. Mkono wa mwanamke mwenye piko, wapiga gitaa la umeme kwa hasira. Si aliitaka hasira? Hiyo hapo.

Alhamisi, 19 Septemba

Abdulghafur kautazama karibu, kisha mbali, hata mzee Jusab akasimamisha mashine kuja kuangalia. Kisha kamgeukia Firoza. "Mwambie itafaa."

Itafaa! Nimetoka bila kuaga.

Jumanne, 24 Septemba

Kaniita tena. Ataka jina la gazeti liandikwe kubwa, katikati, juu ya vidole vyangu. Nikasema vidole havifunikwi. Akasema gazeti ni lake. Nikasema basi achukue ule mwiko wa pilau, nitamchorea sasa hivi. Firoza yuko katikati, mwambie huku, mwambie kule, jasho lamtoka.

Mwisho nimechukua kalamu mwenyewe. Nyuzi nimezipandisha hadi juu ya ukurasa, na pale zinapokwisha zikapinda zikawa herufi. Jina limefumwa kwa nyuzi zenyewe. Mzee Jusab kapiga meza kwa kiganja, akasema shabash. Abdulghafur kasema ndivyo hasa alivyokuwa akifikiria tangu mwanzo. Nimeondoka nikamwacha akimweleza mzee jinsi alivyofikiria.

Jumatano, 9 Oktoba

Limetoka. Firoza kalileta ndani ya kikapu, juu kaweka ndizi. Tumepanda nalo darini.

Nyuzi ni nyekundu kweli kweli. Mstari hata mmoja haukukatika. Nililitazama, nikalia kidogo, nakubali. Kisha nikafunua ndani kulitafuta jina langu. Jalada limechorwa na Abdulghafur.

Nilisoma mara tatu. Firoza kaanza kulia kabla sijamuuliza. Siku ya kuchapa Abdulghafur alikuja mapema, akakata ule uzi, akazimwaga herufi zangu kwenye sanduku pamoja na nyingine. Mzee Jusab akasema mwenye kazi ndiye mwenye neno. Na wewe ulifanya nini, nikamuuliza Firoza. Kasema alipanga alichoambiwa apange.

Kwa vidole vyake mwenyewe, vile nilivyovichora! Nikamwambia achukue ndizi zake aende.

Mwizi yule. Mwizi wa mchana kweupe. Hata kuchora yai hajui. Natamani mashine imle kidole, na sitaomba msamaha kwa kuandika hivyo.

Ijumaa, 11 Oktoba

Bimdogo karudi kutoka kumjulia hali mgonjwa, uso wamng'aa. Akiwa na furaha hivyo, ujue kuna mtu kaharibikiwa. Gazeti limetundikwa safu nzima kwenye kibanda cha magazeti Makadara. Mamake Abdulhalim kapita, kasimama, kalinunua, naye hajui kusoma. Akaenda nalo moja kwa moja chumbani kwa mkaza mwana wake, akamshika mkono akauweka juu ya jalada. "Si mkono wako huu?" Mkaza mwana wake ni Mwanakhamis, mke wa Abdulhalim. Ndoa ina wiki tano.

Nikamwambia Bimdogo mikono yote ni sawa. Kasema piko ya Mwanakhamis imekwisha futika, lakini wanawake wote waliokuwa arusini walijua mara moja, kwa lile jani.

Nikapanda darini mbio. Gazeti nililitupa nyuma ya makuti tangu juzi, sikutaka kuliona. Nikalitoa. Jani liko pale pale, mgongoni mwa mkono, limekunjika upande, lafunika kovu ambalo Firoza hana. Maua saba. Vikonyo viwili viwili kifundoni. Ni mkono wa Mwanakhamis, sikuacha hata tone. Zaidi ya wiki tatu najisifu, na sikuona.

Nilimwambia ni lake peke yake. Nikaenda nikaupa mji mzima. Ya Rabbi, nimefanya nini?

Jumamosi, 12 Oktoba

Mwanakhamis karudishwa kwao jana magharibi na sanduku lake. Neno la Abdulhalim ni moja: mchoraji ni mwanamume, jina lake limechapwa, na mwanamume hawezi kuujua mkono wa mke wake mpaka penye kovu isipokuwa alikaa mbele yake akautazama. Wazee watakutana kesho baada ya alasiri nyumbani kwa Sheikhan. Likithibiti, ni talaka.

Mwanakhamis huyu hawezi hata kumwangalia muuza samaki usoni. Na mimi najua talaka ni nini. Najua unavyorudi kwenu ukakuta kitanda chako kimewekewa magunia.

Mamake Mwanakhamis kaja asubuhi. Hakunisuta. Laiti angenisuta! Kaniuliza tu, "Mwanangu Mwanaesha, ua lile ulimpaka mwengine? Sema ulimpaka mwengine, tupate pa kushika." Nikamwambia kesho nitakuja mwenyewe. Kanibusu mkono, ule ule uliomponza binti yake.

Adhuhuri kaja Firoza na salamu za yule mwizi. Gazeti limekwisha, mashine yachapa tena. Ati ninyamaze, maneno yatapoa, na toleo la pili ataniwekea herufi za mwanzo, M.J. Nikamuuliza Firoza kama haoni haya kubeba maneno ya namna hiyo. Kasema aona. Basi na akae nayo.

Kaka aliporudi nikamwambia yote, tangu gitaa mpaka jani. Alisikiliza huku akikunja mikono ya kanzu. Nilidhani atapiga kelele, hakupiga. Kasema, "Utakwenda. Utasema ulimpaka piko mwanamke wa hotelini, jina lake hulijui. Mwanakhamis atasalimika, na wewe utasalimika. Jina la baba halitatajwa kwenye mambo ya magitaa." Nikamuuliza, na mchoro abaki nao nani? Kaniangalia kama niliyerukwa na akili. Kasema nikitamka lingine nitafute pa kulala.

Uongo wake watosha, na hilo ndilo laniudhi zaidi. Mwanakhamis arudi kwa mumewe, Kaka apate usingizi wake, na Abdulghafur abaki na mkono wangu maisha yake yote. Naandika ukweli kwa kuwa hapana aonaye: huu si wema unaonishika. Ni hasira. Ningekuwa mwema ningekubali uongo na ningekwisha lala.

Jumapili, 13 Oktoba

Nipo kwa Sheikhan. Naandika hapa hapa, daftari nimekuja nalo kwa sababu nyumbani sina tena pa kulificha. Nilipotoka nyumbani sanduku langu lilikuwa limeshushwa mpaka mlangoni. Bimdogo hakungoja hata nifungue mdomo.

Nimekaa chumba cha ndani na wanawake. Kati yetu na ukumbi ni pazia tu. Ukumbini yuko Sheikhan, Abdulhalim na babake, Kaka, na Abdulghafur, aliyeitwa na wazee akashindwa kukataa. Mwanakhamis kaketi ubavuni mwangu, kakonda, mkono wa kulia kauzinga leso. Mama mkwe wake yuko mbele yetu na hamtazami.

Nimesema. Si alivyotaka Kaka. Nimesema kupitia pazia kwamba mchoro ni wangu, nimeuchora darini kwetu kwa siku moja. Mkono ulikuwa wa mtu mwengine, mwanamke, na ulikuwa mtupu. Piko ndiyo ya Mwanakhamis, nami ndiye niliyempaka siku ya arusi yake, na kalamu imerudia njia yake bila mimi kujua. Yeye hakukaa mbele ya mtu yeyote. Hakujua lolote.

Kisha Abdulghafur kasema kwa ile sauti yake ya puani kwamba dada huyu ataka kumwokoa shoga yake, ni jambo zuri, lakini mchoro ni wa kwake yeye, kautoa kichwani. Leo mwenyewe kaniita dada. Siku zote nilikuwa "mwambie".

Na Kaka, tumbo moja nami, kasema, "Dada yangu hajui kuchora. Yeye hupaka hina tu."

Imeniuma. Imeniuma kuliko siku niliyopewa talaka, na ile nilipewa barazani mbele ya majirani.

Sheikhan ndiye aliyekata maneno. Magazeti yote yametolewa nje. Abdulghafur kapewa karatasi na kalamu, nami nimeambiwa nichane ukurasa wangu. Kila mmoja achore mkono ule na piko yake, bila kuangalia popote, na wote wangoje.

Nimeanzia kifundoni. Nimemaliza kitambo, ndiyo maana naandika. Upande wa pili sisikii kalamu. Kaomba maji. Kaomba kalamu nyingine, ati hii haitoi wino. Abdulhalim kamuuliza jani laanzia wapi, upande wa kidole gumba au upande wa kidole cha mwisho. Hajajibu. Abdulhalim kauliza tena, taratibu.

Mamake Abdulhalim kasogea kwangu. Kauchukua mkono wa Mwanakhamis, kaifungua leso, kaulaza juu ya mchoro wangu. Kapitisha kidole kwenye kovu, kisha kwenye jani. Mkono hajauachia mpaka sasa, na Mwanakhamis analia bila sauti.

"Tayari huko ndani?" Sheikhan auliza. Mamake Mwanakhamis kaniashiria nipitishe karatasi chini ya pazia.

Kaka kawahi kusema. Yuko karibu sana na pazia, kaja kusimama pale. Sauti yake ni ya upole, sijaisikia miaka mingi. "Mwanaesha. Usiitie jina. Ua peke yake latosha, sote tumekwisha kuelewa. Ipitishe hivyo, twende nyumbani."

Nyumbani, kasema. Ua latosha kweli, na yeye ajua. Mwanakhamis kaokoka. Naweza kuipitisha hivi hivi ilivyo, na sanduku likapandishwa juu.

Nimeandika Mwanaesha. Nimeandika Jamaldin. Wino umekuwa mwingi kwenye herufi ya mwisho, nimeupuliza mpaka ukakauka. Nimeipitisha.

Sheikhan kaiokota. Sasa analisoma jina kwa sauti, la kwangu, kisha la baba. Abdulhalim kasema aione. Abdulghafur kaanza kusema neno, babake Abdulhalim kamwambia anyamaze.

Miguu ya Kaka haionekani tena chini ya pazia. Kwenye upenyo wa pazia namwona mlangoni, asikia lile jina, na anavaa viatu bila kuniita.